Teksi kuukuu za Mpanda: Tupime breki kabla ya kupima umri

(Haya ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya walimu na watumishi wa serikali mjini Mpanda.)



Mliponialika nizungumze nanyi juu ya usafiri katika mji unaokua, yamkini mlitazamia nizungumzie reli, uwanja wa ndege au bandari ya Karema. Hayo ni mambo makubwa, nayo yana wasemaji wake. Mimi naomba ruhusa yenu nizungumze juu ya jambo dogo zaidi, ambalo baadhi yenu mmelipanda kuja hapa leo: gari dogo la abiria lililokwisha kuchoka, ambalo vijana wetu huliita mkweche. Swali langu ni hili: je, gari hilo lipewe leseni ya kubeba watu, au linyimwe? Na kama linyimwe, linyimwe kwa sababu gani?

Kila mji unapoanza kujitambua kuwa ni mji huzuka wazo kwamba magari yaliyozeeka yaondolewe katika biashara ya abiria. Wazo hilo si la kipuuzi. Jiji la London liliweka mwaka 2012 ukomo wa miaka 15 kwa teksi zake. Nje ya jiji hilo, katika Uingereza yenyewe, halmashauri ndizo zinazotoa leseni za teksi na za magari ya kukodi, na kila halmashauri hujiwekea masharti yake ya umri. Moja ikikataa gari, huenda jirani yake akalipokea. Jirani zetu wa Kenya hawaruhusu kuingizwa nchini mwao gari lililozidi miaka 8. Waganda nao, kwa sheria ya mwaka 2018, waliweka ukomo wa miaka 15 kwa magari yanayoingizwa. Sisi Tanzania Bara tulifuata njia nyingine: hatukuyafungia mlango magari ya zamani, bali tuliyatoza ushuru wa ziada wa uchakavu, unaopanda gari likizidi miaka 8, na kupanda tena likizidi miaka 10.

Tazameni kasoro iliyomo katika njia yetu hiyo. Umri wa gari tunauuliza mara moja tu, pale bandarini Dar es Salaam. Mwenye gari akisha kulipa, habari za umri zinakwisha. Gari lililoingia likiwa na miaka 12 linaweza kuishi nchini miaka mingine 20, na hakuna atakayeliuliza tena umezaliwa lini. Kwa hiyo ushuru huo unamgusa mnunuzi, lakini haumgusi abiria hata kidogo.

Magari haya yana safari ndefu, nami ningependa tuifuate. Japani, ambako mengi hutoka, gari jipya hukaguliwa baada ya miaka mitatu na baada ya hapo kila miaka miwili, na ukaguzi huo una gharama kubwa. Ndiyo maana mwenye gari wa kule hupata nafuu kuliuza likiwa bado zima. Linakuja Dar es Salaam, linatumika na familia. Likichakaa kidogo linauzwa bara. Likichakaa zaidi linafika Tabora, kisha Mpanda. Na hapa Mpanda si mwisho wa safari. Gari ambalo hatulitaki tena Makanyagio au Kashaulili halitupwi. Linapelekwa njia ya Mishamo, ya Mwese, au linashuka kwenda Ikola. Likivunjika springi linafungwa mpira, na safari inaendelea. Kwa maneno mengine, tukipitisha leo sheria ndogo ya kuyafukuza magari kuukuu katikati ya mji, hatutakuwa tumeyaondoa barabarani. Tutakuwa tumeyahamishia kwenye barabara mbaya zaidi, kwa abiria maskini zaidi, mahali ambapo hakuna askari wala zahanati karibu. Mji utapendeza, na takwimu za ajali zitahamia kijijini.

Naomba hapo tutulie kidogo, maana watumishi wengi tunaishi mjini na tunaiona Katavi kwa macho ya mjini. Mkoa huu ulioanzishwa mwaka 2012, ukitoka katika Mkoa wa Rukwa, una eneo linalozidi kilomita za mraba 45,000. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 564,604. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,152,958. Maana yake ni kwamba katika miaka kumi idadi ya watu iliongezeka zaidi ya maradufu. Wamekuja wakulima na wafugaji kutoka mikoa mingine, wamekuja wachimbaji wa dhahabu, na wapo ndugu zetu wa Katumba na Mishamo ambao wazazi wao walipokewa katika miaka ya 1970 wakitokea Burundi na ambao wengi wao leo ni raia wenzetu. Je, mabasi yameongezeka maradufu? Treni kutoka Tabora na Kaliua haiji kila siku. Lami imefika kutoka Sumbawanga na kutoka Tabora, nasi tunashukuru, lakini mtu haishi juu ya lami. Anaishi kilomita nyingi pembeni yake, na mgonjwa wake haugui kwa ratiba ya basi.

Mji wetu wenyewe ulizaliwa na usafiri. Madini ya risasi ndiyo yaliyoleta reli ya kutoka Kaliua, kiasi cha kilomita 210, iliyofunguliwa mwaka 1950. Mgodi ulifungwa mwaka 1960, yaani reli haikumaliza miaka kumi na moja kabla ya sababu yake kutoweka. Lakini haikung'olewa. Ilibeba mahindi, tumbaku, mbao na watu, na watu wakaufanya mji. Sisemi hayo kwa kujivuna. Nasema ili tukumbuke kwamba chombo cha usafiri huwa na kazi nyingine tofauti na ile iliyoandikwa kwenye karatasi za walioanzisha.

Ndivyo ilivyo pia kwa sheria zetu za leseni, ambazo mara nyingi zimekuja nyuma ya watu. Sheria ya Leseni za Usafirishaji ilitungwa mwaka 1973. Mwaka 1974 likaundwa Shirika la Usafiri Dar es Salaam, UDA, na mabasi ya watu binafsi yakaondolewa katika jiji. UDA iliposhindwa kuwabeba watu wote, wananchi hawakukaa vituoni kungoja marekebisho ya sheria. Walipanda magari yasiyo na leseni, yakiwamo yale ya mizigo yaliyowekwa mabenchi, ambayo watu waliyaita chai maharage. Mwaka 1983 serikali ikakubali yaliyokwisha kuwapo, ikaruhusu mabasi ya watu binafsi kwa nauli ya shilingi tano, na jina la daladala likazaliwa hapo. Wenye umri wa wazazi wetu wanakumbuka vizuri. Mambo yakawa yale yale kwa bodaboda: pikipiki zilibeba watu kwa miaka kadhaa kinyume cha sheria, mpaka sheria ikarekebishwa na kanuni za mwaka 2010 zikatoka, na halmashauri nyingi zikakasimiwa kazi ya kuziandikisha pikipiki na bajaji katika maeneo yao.

Mtu aweza kuuliza: sasa teksi iko chini ya nani? Swali hilo ni la haki. Kwanza walikuwako wenye mamlaka ya leseni wa mikoa chini ya sheria ile ya 1973. Sheria ya mwaka 2001 ikaunda SUMATRA. Sheria ya mwaka 2019 ikaivunja SUMATRA na kuunda Mamlaka ya Udhibiti wa Usafiri Ardhini, LATRA. Halmashauri zenyewe zilifutwa katika mpango wa Madaraka Mikoani wa mwaka 1972, kisha sheria namba 7 na namba 8 za mwaka 1982 zikazirudisha, zikiwa na uwezo wa kutunga sheria ndogo. Kwa hiyo dereva wa teksi leo ana madirisha ya kupitia: leseni LATRA, ukaguzi kwa trafiki, kodi TRA, bima kwa wakala, na kituo cha kuegesha kwa halmashauri. Kila dirisha lina karatasi yake. Nimewahi kumsindikiza dereva mmoja katika mzunguko huo, tukatumia siku mbili. Mwisho wa siku ya pili alikuwa na bahasha nzima ya stakabadhi, na tairi zake za nyuma zilikuwa bado vipara. Kila aliyeziona karatasi alizisoma kwa makini, lakini hakuna aliyeinama kuziona tairi.

Hilo ndilo kiini cha maneno yangu. Umri ni rahisi kuusoma, kwa sababu umeandikwa kwenye kadi ya gari. Breki ni ngumu kuzisoma, kwa sababu lazima mtu achafuke. Basi ofisi zetu hupenda kupima kile kilicho rahisi.

Sisi wa ukanda wa Ziwa Tanganyika tunayo shule yetu juu ya jambo hili. Meli ya Liemba ilijengwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa kwa vipande na kuunganishwa Kigoma, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa mwaka 1924 na kuanza kazi tena mwaka 1927. Kwa miongo mingi iliwachukua watu wa Ikola na Karema na samaki wao. Sasa tukumbuke Ziwa Victoria. MV Bukoba ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1970, na tarehe 21 Mei 1996 ilizama karibu na Mwanza na mamia ya watu wakafa. MV Nyerere ilikuwa kijana zaidi, haikufikisha hata miaka 15, ilipopinduka karibu na Ukara Septemba 2018 na kuua watu zaidi ya 200. Kama leseni ingetolewa kwa umri peke yake, Liemba ingenyimwa, na hizo nyingine mbili zingepewa. Vyombo hivyo viwili vijana viliangushwa na mzigo na watu kupita kiasi. Liemba iliishi kwa sababu kila kizazi kilipata mtu wa kuifungua, kuisafisha na kuifunga upya.

Lakini nisije nikaeleweka kwamba nautetea mkweche. Wapo wanaosema, "Mwacheni maskini ajitafutie riziki." Maneno hayo ni matamu, nami nimeyasema pia katika safu za gazeti. Siku hizi nayaogopa, na sababu yake nitaieleza, ingawa hainipi sifa.

Ndugu walimu na watumishi, tuambiane ukweli. Magari haya ni ya nani? Dereva anayeketi nyuma ya usukani mara nyingi si mwenye gari. Mwenye gari ni mtumishi mwenye mshahara, aliyechukua mkopo benki au katika chama cha akiba na mikopo, akanunua Corolla au Probox iliyochoka ili kuongeza kipato. Dereva anampelekea hesabu kila jioni. Hesabu haijui kama mvua imenyesha, haijui kama abiria hawakuwapo, haijui kama siku nzima imeishia gereji. Dereva akishindwa kuifikisha anatafuta pa kufidia: anapakia wanne nyuma na wawili mbele, anakimbia, anaahirisha matengenezo. Tumezoea kumlaumu dereva kwa mwendo wake. Mwendo huo mara nyingine hupangwa sebuleni kwa mwenye gari.

Mimi ni mmoja wao. Nilinunua gari la namna hiyo, nikampa kijana mmoja, tukakubaliana hesabu. Bamba lake lilikuwa la njano, la gari la binafsi, na bima yake ilikuwa ya gari la binafsi, kwa sababu ilikuwa nafuu na kwa sababu nilijiambia kwamba leseni ya abiria nitaikata baadaye mambo yakikaa sawa. Kijana akanipigia simu Jumanne moja akasema pedali ya breki inazama. Nikamwambia avumilie mpaka mwisho wa mwezi. Alhamisi alikuwa njia ya Kabungu akiwa na abiria watano. Kwenye mteremko breki hazikushika. Kwa bahati aliliingiza gari katika shamba la mahindi. Hakufa mtu. Mama mmoja wa makamo alivunjika mkono mahali pawili.

Nilikwenda kumwona hospitali. Nilikuwa nimejiandaa kuulizwa habari za dereva na za mwendo, hata habari za umri wa gari, maana lilikuwa na miaka 22. Hakuuliza lolote katika hayo. Aliniuliza, "Mwanangu, ulikuwa unajua?" Nikamjibu kwamba nilikuwa najua.

Kisha likaja suala la bima, na hapo ndipo nilipofahamu maana ya leseni ambayo miaka yote nilikuwa nimeiona kama kodi nyingine tu. Bima ya gari la binafsi haikukusudiwa abiria anayelipa nauli. Mkono ule haukuwa na wa kuulipia isipokuwa mimi, nami niliulipia kidogo kidogo, kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili. Yeye ni mkulima. Msimu ule shamba lake lilipaliliwa na wanawe wadogo, na mmoja wao alikuwa akikosa darasa. Mwalimu wake huenda yumo humu ukumbini, na huenda katika daftari la mahudhurio aliandika "mtoro".

Kwa hiyo ninaposema gari kuukuu lipewe leseni, sisemi kwa kulihurumia. Nasema kwa sababu gari lililonyimwa leseni halikomi kubeba watu. Linabeba usiku, kwa bamba la njano, bila bima inayomhusu abiria, na likianguka hakuna karatasi inayosema lilikuwa chombo cha abiria. Leseni ni kamba tunayomfunga nayo mwenye gari. Tukiikata kamba hiyo kwa sababu gari limefikisha miaka 15, tutakuwa tumemfungua mtu kama mimi.

Basi nini kifanyike? Mimi si mhandisi, na yale nitakayosema wataalamu wayasahihishe. Naona kwamba gari linapozidi umri fulani, tuseme miaka 15, lisikataliwe bali likaguliwe mara nyingi zaidi: jipya mara moja kwa mwaka, kuukuu kila baada ya miezi minne. Ukaguzi uwe wa kuingia chini ya gari. Kwa sasa mkaguzi wa polisi hufanya kazi yake mara nyingi kwa macho na kwa uzoefu, akiwa amesimama juani na foleni mbele yake. Hata akiwa mwaminifu namna gani, hawezi kuiona bomba ya breki iliyoliwa na kutu kwa kupitia boneti. Halmashauri ikijenga shimo moja la ukaguzi lenye paa, kwa gharama isiyozidi ya vyumba vichache vya biashara vya stendi, na ikashirikiana na mafundi wanaofundisha VETA, polisi na LATRA watapata mahali pa kufanyia kazi ambayo sheria inawapa. Sioni kwa nini mji unaoweza kupima mizani ya muuza mchele sokoni usiweze kupima breki za teksi.

Matokeo ya ukaguzi huo yabandikwe ndani ya gari mahali abiria anapoyaona, kwa Kiswahili cha kueleweka: breki zimepimwa tarehe fulani, tairi zimepimwa tarehe fulani, abiria wanaoruhusiwa ni wanne. Stika ya kioo cha mbele humwelekea askari. Abiria aliyeketi nyuma hana chochote cha kusoma, isipokuwa maneno ya dini na majina ya timu za mpira.

Jambo jingine, ambalo najua halitapendwa ukumbini, ni jina la mwenye gari. Leseni ya teksi iandikwe jina la mwenye gari kwa herufi zinazosomeka, na gari likikutwa bovu, wa kwanza kuitwa awe yeye, dereva afuate. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inamtambua mwenye gari. Sisi ndio tuliozoea kumwacha nyumbani na kumpeleka dereva mahakamani. Tukiitwa mara moja au mbili tukiwa katikati ya kazi, mbele ya wanafunzi au mbele ya wakubwa wetu, hesabu ya jioni itapungua yenyewe na fedha za breki zitapatikana kabla ya mwisho wa mwezi.

Kuhusu njia za vijijini sina jibu lililokamilika. Shimo la ukaguzi la Mpanda halitamsaidia mtu wa Mwese kama gari lake haliji mjini hata mara moja kwa mwaka. Halmashauri za Nsimbo, Tanganyika, Mlele na Mpimbwe zina barabara zao na shida zao, na anayesafiri kutoka Sitalike kwenda Kibaoni kupitia mbugani, akifungiwa vioo kwa sababu ya mbung'o, anavuka mipaka ya halmashauri bila kujua. Nadhani mkaguzi anayezunguka siku za minada, ambapo magari yote hukusanyika mahali pamoja, angefaa kuliko ofisi inayongoja watu. Lakini hilo wenyeji wa njia hizo walizungumze wenyewe, nami nitafurahi kuwasikiliza.

Ndugu Mwenyekiti, najua swali la kwanza litakuwa juu ya gari langu, nami ni heri nilijibu kabla halijaulizwa. Sikuliuza, kwa sababu ningeliuza lingekwenda Mishamo likiwa na breki zile zile. Bamba limebadilishwa kuwa jeupe, bima ni ya abiria, na kijana yule bado ndiye dereva, ila hesabu sasa tunaipiga baada ya kutoa matengenezo. Tangu Jumatatu limesimama gereji. Fundi amesema silinda ya breki za nyuma haipatikani hapa, na tumeiagiza Tabora.